Nyamirambo: Msikiti unaompokea mgeni

Mfanyabiashara anayeshuka basi Nyabugogo akitokea Dar es Salaam au Kampala, tena hajui neno la Kinyarwanda, mara nyingi huelekezwa Nyamirambo. Huko Kiswahili kinasikika barabarani, vipuri vya magari vinapatikana Biryogo, na msikiti hauko mbali.

Hali hiyo ina historia. Uislamu uliingia Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na askari, makarani na wachuuzi wa pwani, wakati wa utawala wa Mjerumani. Wabelgiji waliofuata waliwatengea mtaa wao. Kwa miaka mingi kumwita mtu Mswahili kulimaanisha Mwislamu, na mara nyingine mjanja asiyeaminika. Leo Waislamu ni takriban asilimia 2 ya Wanyarwanda.

Kwa watu wachache kiasi hicho, msikiti hubeba kazi nyingi zaidi ya swala. Zinaonekana wazi siku ya msiba. Msafiri akifariki mbali na kwao, nani atamwosha, nani atanunua sanda, nani atachimba kaburi? Tangazo hutolewa baada ya swala, watu wasiomjua huchanga, jeneza la msikiti hutolewa, na maiti huzikwa bila kungoja ndugu wavuke mpaka.

Hapo hapo watu huulizana habari: nani analipa deni, chumba gani kinapangishwa, lori gani linarudi tupu. Ni msaada mkubwa kwa mgeni, ingawa risiti bado ni muhimu. Kanzu haijawahi kuwa dhamana ya mkopo.

Mtihani mkubwa ulikuja 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Waislamu wengi waliwaficha majirani zao majumbani na misikitini. Si wote walionawa mikono: Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la chuki la Kangura, alikuwa Mwislamu, na mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003. Hata hivyo mwenendo wa walio wengi ulikumbukwa, na baada ya vita Wanyarwanda kadhaa walisilimu kwa sababu hiyo.

Leo mashaka ni ya aina nyingine. Mwaka 2018 misikiti ya wilaya ya Nyarugenge, ilimo Nyamirambo, ilizuiwa kuadhini kwa vipaza sauti, sababu ikitajwa kuwa kelele. Mwaka huo huo sheria mpya iliwataka viongozi wa dini wanaohubiri wawe na shahada ya masomo ya dini, huku nyumba za ibada zikibanwa kutimiza viwango vya ujenzi. Serikali ina hoja. Majengo mengine kweli yalikuwa hatari. Lakini msikiti mdogo wa kijijini, uliojengwa kwa michango ya wauza mboga, hauwezi kupata fedha za ukarabati haraka. Ukifungwa, jeneza nalo hufungiwa ndani.

Mgeni Nyamirambo sasa hufuata simu yake, au watu wanaofunga maduka Ijumaa adhuhuri. Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi arudishe saa nyuma kwa saa moja, la sivyo atakaa barazani peke yake muda mrefu.