PAL na SECAM: Rangi zilizogoma kuvuka Mto Rusizi

MIAKA ya 1990, mtu aliyerudi nyumbani na runinga ya rangi kutoka Dar es Salaam au Kampala aliweza kukutana na kioja Kamembe. Seti ikinasa mawimbi ya kituo cha Zaire au Burundi, picha ilikuja bila rangi, na sauti ikawa mkoromo mtupu. Fundi alifungua, akapima, akafunga, asione kilichoungua. Seti ilikuwa nzima. Ilitengenezwa kwa mfumo wa PAL, na mawimbi yalikuwa ya SECAM.

Mgawanyiko huo haukuanzia mpakani kwetu. Runinga ya rangi hutumia rangi tatu tu, nyekundu, kijani na buluu, nazo nyingine zote macho yanajichanganyia yenyewe. Mskoti John Logie Baird alionyesha picha ya namna hiyo London mwaka 1928. Kazi ngumu ilikuwa kuirusha rangi bila kuzifanya seti za zamani kuwa takataka. Mwaka 1951 kampuni ya CBS ya Marekani ilianza kurusha kwa mtambo wa gurudumu la rangi, lakini wenye runinga za nyeusi na nyeupe hawakuweza kuona chochote cha maana. Matangazo hayo yalikoma baada ya miezi michache.

Jibu lilipatikana mwaka 1953 kwa mfumo wa NTSC. Kituo kilirusha kwanza picha ya mwanga na giza kama zamani, kisha habari za rangi zikapandishwa juu yake. Seti ya kale ilisoma mwanga, rangi ikazipita. Hapo ndipo penye siri ya kioja cha Kamembe: seti ya PAL ilisoma mwanga wa SECAM vizuri, ila rangi zake haikuzielewa.

NTSC ilikuwa na ugonjwa wake. Mawimbi yakiyumba njiani, uso wa msomaji habari uligeuka kijani. Mjerumani Walter Bruch wa Telefunken alitoa dawa mwaka 1963. Katika PAL, sehemu ya ishara ya rangi hugeuzwa kila mstari wa picha, hivyo kosa la mstari mmoja hufutwa na la mstari unaofuata. Mfaransa Henri de France alikuwa tayari na SECAM, inayopeleka habari za rangi kwa zamu, mstari baada ya mstari. Zote mbili zilifanya kazi vizuri, na wataalamu wangeweza kuelewana. Wanasiasa hawakutaka. Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa SECAM mwaka 1965, na mkutano wa Vienna mwaka huo huo ukashindwa kuipa Ulaya mfumo mmoja. Mwaka 1967 Uingereza na Ujerumani Magharibi zilianza na PAL, Ufaransa na Wasovieti na SECAM.

Afrika ikarithi ugomvi usio wake. Zanzibar, iliyokuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilitumia PAL. Kenya na Uganda nazo zilipoacha nyeusi na nyeupe zilifuata huko huko. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona runinga kuwa anasa. Zaire na Burundi zilikwenda na SECAM ya Wafaransa. La kuchekesha ni kwamba Ubelgiji, aliyekuwa bwana wao wa zamani, yeye mwenyewe alichagua PAL!

Rwanda ilipata kituo chake mwishoni mwa 1992. Baada ya 1994 waliorejea walileta vyombo vya kila uhamisho: wa Uganda na Tanzania na vyao, wa Bujumbura na Bukavu na vyao. Mfanyabiashara mjanja alijifunza kusoma kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa pesa, akitafuta seti ya mifumo mingi. Hata seti ya PAL iliyotumika Uingereza ilikuwa na mtego, kwani sauti yake ilipangwa kwenye masafa tofauti na ya Kampala. Rangi zilikuja safi, sauti ikakosekana.

Rwanda ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2014, ugomvi huo uliisha hewani. Mfumo wa dijitali wa DVB-T2, ambao nchi za Afrika Mashariki ziliuchagua, haujui PAL wala SECAM.

Lakini makabatini haujaisha. Kanda za video za harusi, ubatizo na mazishi zilizorekodiwa uhamishoni bado zimebeba mfumo wa nchi zilikorekodiwa. Kanda ya SECAM ikiwekwa kwenye deki ya PAL pekee, bibi harusi wa Bujumbura anatokea wa kijivu, na wenye kanda huamini kwamba rangi zimekufa kwa uzee. Mara nyingi zimo bado. Kiwanda cha mwisho kilichojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai cha Japani, kiliacha mwaka 2016, kwa hiyo zilizopo ni za mitumba na zinapungua. Anayepeleka kanda kwa fundi ili ihamishiwe kwenye kompyuta amwambie ilirekodiwa nchi gani, na asikubali nakala ya nyeusi na nyeupe kabla haijajaribiwa kwenye deki ya mifumo yote miwili.