Sitene ya metre mbili haiko mara mbili ya ile ya metre moja

“Papa fundi, unijengee sitene yenye kubeba maji mara mbili kuliko ya jirani.”

“Hakuna shida, mama. Yake iko na metre moja kila upande, yako tutaweka mbili.”

Maneno sawa haya ni ya kawaida wakati mvua inakaribia mjini Goma, ambako familia nyingi zinachota maji ya ziwa Kivu ku bidoni ao zinalipa mwenye chukudu. Lakini mama na fundi wote wamekosea hesabu, na kosa hilo litamaliza franka za mama.

Sitene yenye urefu, upana na kimo sawa inapimwa kwa kuzidisha upande mara tatu. Ya metre moja: 1 × 1 × 1, ni metre kibe 1, ni kusema litre 1000, ao bidoni 50 za litre 20. Ya metre mbili: 2 × 2 × 2, ni metre kibe 8. Litre 8000, bidoni 400! Haiko mara mbili, iko mara munane. Mwenye kuwa na mashaka akate sabuni vipande vidogo vyenye pande zote sawa, kisha ajenge kimoja chenye upande wa mara mbili. Vine vitakaa chini, vine juu.

Mama aliyetaka litre 2000 tu angeambia fundi sentimetre 126 kila upande. Ndiyo, ni sentimetre 26 tu za kuongeza juu ya ile ya jirani. Watu wengi wanakatala kuamini mpaka wafanye hesabu wenyewe.

Ku simenti mambo ni tofauti kidogo. Kupaka chini na kuta ine za ndani ni metre kare 5 kwa sitene ndogo, 20 kwa kubwa: mara ine. Hapo kubwa inaonekana kuwa na faida, sababu kila litre inakula simenti kidogo. Lakini maji yanasukuma. Sitene ndogo ikijaa, kila ukuta unapokea nguvu ya karibu kilo 500. Ile kubwa, karibu tone 4. Ukuta uleule mwembamba wa jirani unaweza kupasuka, na watoto wanachezea pembeni.

Tena itajazwa na nini? Mvua ya milimetre 20 ku bati ya metre kare 40 inaleta litre 800, kama hakuna tone linalopotea. Inaomba mvua kumi za namna hiyo, na mutu asichote.

Kwa dawa ya klore, kosa linafika ku tumbo. Mutu mwenye kuweka kipimo mara mbili, akifikiri maji ni mara mbili, anaacha kila litre na robo tu ya dawa inayohitaji. Kipindupindu kinajulikana sana huku, kwa hiyo muulize fundi litre ngapi, muandike ku ukuta wa sitene kwa rangi.