Oltepesi, Nchi ya Migunga

Wengi wetu tuliozaliwa pwani twaijua nchi ya Wamaasai kwa mambo mawili: mlinzi aliyesimama langoni na rungu lake, na mbuzi wa udhiya anayeshushwa kutoka lori Idi Kubwa inapokaribia. Lipo jambo la tatu, nalo limo jikoni mwetu wala hatulitambui. Ni magadi, yale ambayo bibi zetu huyatia katika chungu ili maharage yaive upesi, na ambayo wazee wenye kutafuna tumbaku huyachanganya nayo. Huko bara kuna ziwa zima la magadi, nalo limepewa jina hilo hilo la Kiswahili. Na barabara ya kwenda katika ziwa hilo inapita Oltepesi.

Oltepesi ni kituo kidogo katika kaunti ya Kajiado, kilomita zipatazo 60 kutoka Nairobi. Msafiri hupita Ongata Rongai, kisha Kiserian, akapanda ubavu wa vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kina mita 2,460 juu ya bahari. Hapo pana mahali paitwapo Corner Baridi, na jina halidanganyi, kwani upepo wake humfanya mtu wa Mombasa atafute shuka la kujitanda. Baada ya kona hiyo nchi yote inafunguka kwa ghafula na kuteremka. Hili ndilo Bonde la Ufa. Barabara hushuka ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi joto huzidi, nyasi hupungua, miiba huongezeka, hata kufikia Ziwa Magadi lililoko takriban mita 600 tu juu ya bahari. Oltepesi ipo katikati ya mteremko huo, mahali ambapo baridi ya Ngong imekwisha sahauliwa na tanuri la Magadi halijafikiwa.

Jina lake ni jina la mti. Kwa Kimaasai, oltepesi ni mgunga, ule wenye kilele kilichotandazwa kama mwavuli. Katika nchi kavu mti huu ni rehema. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, kivuli chake ni baraza ya wazee na darasa la watoto, na maganda ya mbegu zake huanguka wakati wa kiangazi, wakati ule ule nyasi zimekwisha, yakawa chakula cha mbuzi. Mama wa Kimaasai akiukata, huchukua matawi yenye miiba kuzungushia boma ili fisi asiingie usiku. Sisi wa pwani tukitaka kuelewa thamani ya mti huu kwao, tufikirie mnazi: jengo, chakula, kivuli na kuni katika shina moja.

Ukisimama hapo utauona mlima Olorgesailie, volkano iliyozimika zamani. Chini yake ndipo penye mahali pa kale panapojulikana na wataalamu wa dunia nzima, ingawa watoto wetu wengi humaliza shule bila kupasikia. Mwaka 1919 mjiolojia J. W. Gregory aliokota huko zana za mawe. Mwaka 1942 Louis na Mary Leakey walikuta mashoka ya mawe kwa mamia yakiwa yametapakaa juu ya ardhi, na mwaka 1947 mahali hapo pakafunguliwa kwa wageni. Mashoka mengi yangali pale pale yalipokutwa, na mgeni huyatazama akiwa juu ya daraja la mbao. Kwa hesabu ya wataalamu, watu walitengeneza zana mahali hapo tangu zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, kando ya ziwa la maji matamu ambalo sasa limebaki tabaka za udongo mweupe. Na mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Smithsonian na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitangaza kwamba katika tabaka za miaka 320,000 hivi wamekuta zana ndogo zilizochongwa kwa ustadi, baadhi yake kwa jiwe jeusi la volkano lililong'aa kama kioo. Jiwe hilo halipatikani hapo. Lilitoka mbali, mahali pengine hata kilomita 90. Kuna waliokuwa wakibadilishana vitu na majirani wa mbali. Sisi tunaojivunia biashara ya majahazi tunapaswa kukiri kwamba bara nako kulikuwa na biashara, tena kabla ya jahazi la kwanza kuchongwa.

Na biashara hiyo ilikuja kutukutanisha. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili kutoka Mombasa, Tanga na Pangani ilikuwa ikipanda Umaasaini kutafuta pembe za ndovu, ikibeba nguo, nyaya za shaba na shanga. Mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield alichapisha maelezo ya njia za misafara hiyo, nayo aliyapata kwa mtu wa pwani, Sadi bin Ahedi, aliyezisafiri mwenyewe. Joseph Thomson alipopita Umaasaini mwaka 1883, aliandamana na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani, kwa kuwa huyo ndiye aliyeijua nchi na wenyewe. Vitabu vya shule humtaja Thomson. Shanga wazivaazo dada zetu wa Kimaasai shingoni, ambazo watalii hudhani zimetoka porini, zilipitia mikononi mwa babu zetu.

Wakaaji wa upande huu wa Kajiado ni Wamaasai wa matawi mbalimbali: Ilkeekonyokie kuelekea Ngong, Iloodokilani kuelekea Magadi, na upande wa mashariki, kwenye mbuga za Kitengela, Ilkaputiei. Mtu akiwatazama kwa mbali huona mashuka mekundu tu. Akikaribia huona adabu. Mtoto humwendea mkubwa na kuinamisha kichwa, mkubwa akakigusa kwa kiganja, na hapo salamu imekamilika. Wanawake husalimiwa kwa neno takwenya, nao huitikia iko. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba hahitaji kufasiriwa.

Nyumba ni ya mwanamke, na maana yetu si mapambo ya maneno. Yeye ndiye huijenga kwa mikono yake: fito, nyasi, udongo na samadi ya ng'ombe. Enkaji, kama iitwavyo, hukandikwa na mama na hurekebishwa na mama kila mvua inapoitoboa. Maziwa pia ni yake. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha mzeituni wa porini, na moshi ule ndio hulifanya ziwa lisichachuke upesi na lipate ladha ambayo mgeni huikumbuka. Kuni ni zake. Maji ni yake, kwa punda akiwa naye, na kwa mgongo akiwa hanaye. Katika kiangazi kirefu safari ya maji hula nusu ya siku, na msichana mkubwa ndiye wa kwanza kutolewa darasani kwenda kusaidia.

Ukame kwao si hadithi ya redioni. Wazee wao husimulia juu ya emutai, yaani maangamizo, miaka ya mwisho wa karne ya 19, maradhi ya sotoka yalipomaliza ng'ombe, ndui ikamaliza watu, na mvua nayo ikakatika. Kizazi cha leo kina yake: kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na barabara za Kajiado zikajaa mizoga. Ng'ombe wa Mmaasai ni mahari, ni karo, ni akiba, ni heshima mbele ya wakwe. Familia iliyopoteza kundi imepoteza benki na daftari lake pamoja.

Lakini la kutisha zaidi ya ukame ni ardhi, na hapa tunawaomba wasomaji wetu watuvumilie kidogo, maana hadithi hii inatugusa. Mwaka 1904 Waingereza walifanya mkataba na Wamaasai, na Olonana, kiongozi wao wa ibada, akawa miongoni mwa waliotia alama. Waliondolewa Naivasha na Nakuru ili walowezi wapate malisho, wakagawanywa sehemu mbili, moja Laikipia na moja huku kusini, kwa ahadi kwamba hawatasumbuliwa muda wote Wamaasai watakapokuwapo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba wa pili, na wale wa Laikipia wakahamishwa na mifugo yao kuja kusini. Parsaloi ole Gilisho na wenzake walikataa, wakaweka mawakili na kushitaki. Kesi hiyo ya mwaka 1913 ilisikilizwa Mombasa, katika mji wetu. Mahakama ilisema kwamba mkataba ule ni wa dola na dola, kwa hiyo si kazi yake kuuamua. Wamaasai hawakuwahi kuambiwa kwamba wao ni dola hadi siku ile walipotakiwa kunyimwa haki.

Wenzetu wa pwani wataikumbuka sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotaka kila mwenye kudai ardhi ukanda wa pwani alete dai lake, na isiyodaiwa ikawa ya serikali. Familia zilizoishi chini ya minazi yao kwa vizazi zikajikuta maskwota. Karatasi ni ile ile. Huku iliondoa mashamba, huko iliondoa malisho.

Mwaka ule ule wa 1911 ilianzishwa kampuni ya kuchimba magadi, na kufikia 1915 reli ya kilomita zipatazo 146 ilikuwa imetandazwa kutoka Konza, kupitia mji wa Kajiado, hadi ziwani. Kampuni hiyo tangu mwaka 2005 imo mikononi mwa Tata wa India. Magadi huchotwa, husafishwa, hupakiwa katika mabehewa na kuteremshwa bandarini Mombasa ili yakatengeneze vioo na sabuni za watu wa mbali. Ziwa lenyewe ni la ajabu: limeganda jeupe na jekundu, na kandokando yake penye chemchemi za moto huishi samaki wadogo wanaostahimili maji ambayo wewe na mimi tungetoa mkono mara moja.

Baada ya uhuru ikaja sheria ya mwaka 1968 iliyoanzisha ranchi za jumuiya. Ardhi iliandikwa kwa pamoja, wanachama wakaorodheshwa, na karibu kila mahali aliyeandikwa alikuwa mkuu wa nyumba, yaani mwanamume. Wakati huo halikuonekana neno kubwa, kwa kuwa malisho yalikuwa ya wote. Ranchi zilipoanza kukatwa vipande na kila mwanachama kupewa hati yake, ndipo ilipobainika kwamba aliyejenga nyumba hana hata futi moja ya mahali ilipojengwa.

Matokeo yake yanaonekana Kitengela, ambako mji umeila mbuga. Palipokuwa njia ya nyumbu kutoka Hifadhi ya Nairobi kwenda mbuga za Kaputiei leo pana ua, ghorofa na machimbo ya mawe. Wapo waliouza ekari kwa bei ya pikipiki, pikipiki ikafa, na mke akapata habari siku mnunuzi alipokuja na fensi. Barabara ya Magadi nayo imeanza kuota mabango ya viwanja. Oltepesi ingali na nafasi, ng'ombe bado huvuka barabara wapendavyo na madereva husubiri, lakini mabango yanashuka mteremko ule ule tulioushuka sisi.

Sheria imegeuka, angalau katika karatasi. Katiba ya mwaka 2010 imekataza kumbagua mwanamke katika ardhi. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya mwenzi kabla mali ya ndoa kuuzwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imezitaka ranchi za zamani zijisajili upya kama jamii, na daftari jipya linamkubali mwanamke kuwa mwanachama kwa jina lake. Kina mama hawa hujadiliana habari hizo chini ya migunga huku wakitunga shanga, tena kwa makini kuliko tulivyotarajia. Hawaulizi kama sheria ipo. Wanauliza mkutano wa kuandikisha ni siku gani, na kama siku hiyo ni siku ya maji, nani atakwenda na punda.

Jua linapoelekea nyuma ya Olorgesailie, mbuzi hurudi bomani wakifuatwa na watoto wasiofika kiuno cha mtu mzima, na mama mwenye boma husimama mlangoni kuwahesabu kwa macho, mmoja mmoja, kwa rangi na kwa majina. Miongoni mwao, huenda yumo yule atakayeshushwa kutoka lori mtaani kwetu siku chache kabla ya Idi.