Kamera Katika Kiti cha Shahidi: Filamu za Hali Halisi na Watu wa Kanda ya Ziwa



Hapa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, kijana anayetaka sinema huenda kibanda umiza, akalipa kiingilio chake, akatazama watu wa mbali wakipigana huku mtafsiri akiwasemesha Kiswahili cha mitaani. Ni nadra kuonyeshwa humo filamu za hali halisi, yaani zile zisizo na waigizaji, ambazo mtengenezaji huwafuata watu wenyewe katika maisha yao na kuwaacha waseme. La kustaajabisha ni kwamba kanda yetu hii ya ziwa na dhahabu imetoa filamu za namna hiyo zilizotazamwa hadi Ulaya na Marekani.

Mashuhuri kuliko zote ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper wa Austria, iliyotoka mwaka 2004, ambayo Watanzania waliiita filamu ya mapanki. Ilionyesha minofu ya sangara ikisafirishwa kwa ndege kutoka Mwanza kwenda Ulaya, na mafukara wakibakiwa na vichwa na mifupa. Tena ikaashiria kwamba ndege hizo zilileta silaha za vita vya Afrika. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa na ikawania Oscar. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, na wakazi wa Mwanza wakaandamana kuipinga.

Nani alikuwa na haki? Waliosoma elimu ya Hadithi wanajua kwamba habari haipokelewi kwa mkupuo. Huulizwa nani kasema, je, aliona au alisikia, na maneno yake yamefikaje kwetu. Kanuni ya kuthibitisha habari imo katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, wala sioni kwa nini kamera isamehewe. Basi mapanki yalikuwepo, na aliyeyakana alikana alichokiona kila siku. Amma silaha, hizo zilisimama juu ya maneno ya watu, kwani filamu haikuonyesha hata sanduku moja likifunguliwa. Ni daraja mbili za ushahidi ndani ya filamu moja, nasi tuligombana kana kwamba ni moja tu.

Ipo nyingine inayotuhusu zaidi. In the Shadow of the Sun ya Mwingereza Harry Freeland ilitoka mwaka 2012 baada ya kazi ya takribani miaka sita. Inamfuata Josephat Torner, mtetezi wa watu wenye ualbino, pamoja na kijana mmoja wa kisiwani Ukerewe anayetamani kusoma. Torner, ambaye mwenyewe ana ualbino, anakwenda katika vijiji vilivyoguswa na mauaji na kuwauliza watu uso kwa uso kwa nini wanawaua. Miaka sita si muda wa mpita njia.

Kabla yake, mwaka 2008, Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mfanyabiashara mwenye kutafuta utajiri, akawaendea waganga wa kanda hii. Waliyomwambia yalitangazwa duniani, naye akatishiwa maisha hata akajificha. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wilayani Bukombe. Mwaka 2015 mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa Chato, hapa hapa mkoani Geita, na mwaka 2024 mwingine aliuawa Muleba.

Tunaoishi jirani na maduara ya dhahabu tunajua uvumi huo hunawiri wapi: kwa mchimbaji aliyechimba miezi mingi bila kupata kitu, anapoambiwa na mpiga ramli kwamba dhahabu inataka kafara. Na baadhi ya wapiga ramli hao (inasikitisha kusema) huvaa kanzu na kujiita masheikh. Ndiyo maana ningependa filamu ya Torner ionyeshwe machimboni, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, mahali palepale panapoonyeshwa mpira. Hotuba yangu msikitini haimfikii mchimbaji huyo.

Lakini vijana wetu sasa wana simu zenye kamera, nao wameanza kurekodi. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino akijiwa na mmoja wao ana haki ya kuuliza: filamu itaonyeshwa wapi? Kijiji kitatajwa? Uso wa mtoto utafichwa? Asiporidhika akatae, hata anayeomba akiwa mpwa wake. Mtazamaji wa London hajui njia ya kufika kwa mtoto yule. Mtazamaji wa hapa anaijua.