Mchezaji mwenye kifaa cha moyo akivimba mkono, msikimbilie kumchua

JUNI 12, 2021 pale Copenhagen, Denmark ilikuwa inacheza na Finland kwenye Euro 2020. Dakika ya 43 mpira wa kurushwa ukaelekezwa kwa Christian Eriksen. Kiungo huyo akaanguka bila kuguswa na mtu, moyo umesimama. Madaktari wakamkandamiza kifua na kumpiga shoti ya umeme palepale uwanjani, akarudi. Siku chache baadaye akapandikizwa kifaa kifuani cha kulinda mapigo ya moyo.

Yaliyofuata kila shabiki anayajua. Sheria za Italia zilimzuia kuichezea tena Inter Milan, Januari 2022 akasaini Brentford, kisha akatua Manchester United. Juni 16, 2024 akaifungia Denmark dhidi ya Slovenia kwenye Euro nyingine. Daley Blind wa Uholanzi naye alipandikizwa kifaa cha aina hiyo mwaka 2019, na bado akacheza Kombe la Dunia 2022 na kufunga bao dhidi ya Marekani.

Stori hizo zinapigwa sana vijiweni, kuanzia Iringo pale Musoma mjini hadi Bunda na Butiama. Isiyopigwa ni stori ya waya unaotoka kwenye kifaa na kuingia ndani ya mshipa wa damu. Huo nao una matatizo yake, na mtu akichelewa yanaweza kumgharimu.

KIFAA KINAVYOKAA

Vifaa hivi ni vya aina mbili kubwa. Kuna betri ya moyo, inayousukuma moyo unaopiga taratibu kupita kiasi. Halafu kuna kama hicho cha akina Eriksen, ambacho moyo ukianza kwenda mbio ovyo unapigwa shoti ili urudi kwenye mstari.

Mara nyingi kifaa hukaa chini ya ngozi, karibu na mfupa wa mtulinga upande wa kushoto. Waya mmoja au zaidi huingizwa kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu kutoka mkononi. Waya hupita chini ya mtulinga mpaka ndani ya moyo, upande wa kulia. Baada ya miaka kadhaa betri huisha na kubadilishwa, lakini waya mara nyingi huachwa humohumo.

MSHIPA UNAPOGOMA

Waya ukikaa mshipani miaka na miaka, unasugua kuta zake. Kuta zinaweka makovu, njia inakuwa nyembamba, na wakati mwingine damu inaganda na kuziba kabisa.

Wengi hata hawajui kama mshipa umeziba. Mwili hufungua njia nyingine ndogondogo, kama winga aliyebanwa pembeni anavyoamua kuingia kati. Tatizo huibuka siku daktari anapotaka kuongeza waya mpya na kukuta hakuna pa kupita.

Kwa wengine dalili zinaonekana. Mkono wa upande wenye kifaa unavimba, unauma au unakuwa mzito. Mishipa inajitokeza begani na kifuani. Uso na shingo vikivimba, au pumzi ikikata ghafla na kifua kuuma, hiyo ni dharura. Bonge la damu linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu, ingawa hilo hutokea mara chache.

Waya wenyewe nao unaweza kubanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza hadi ukaharibika. Kwa hiyo kipa, mnyanyua vyuma au kijana anayecheza ndondo jioni baada ya kuvuta nyavu ziwani lazima amweleze daktari kazi anazozifanya kwa mikono.

KUCHUA SIYO DAWA

Hapa ndipo penye hatari kwa timu zetu za mitaani. Mchezaji akivimba mkono, wa kwanza kuitwa ni mchua misuli na maji yake ya moto. Kwa mwenye kifaa cha moyo, acheni kabisa. Kama kuna damu iliyoganda, kuuchua mkono hakutibu chochote, na bonge linaweza kung'oka.

Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, abebe kadi ya kifaa chake. Kwa Mara kuna Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Musoma. Bugando, Mwanza, iko zaidi ya kilomita 200. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Kwa umbali huo, kusubiri uvimbe upungue wenyewe ni kamari.

Tiba zipo. Picha ya ultrasaundi huonyesha damu ilipoganda, na dawa za kuzuia damu kuganda hutolewa. Mshipa mwembamba unaweza kupanuliwa kwa puto maalumu. Kuna pia vifaa vya kushtua moyo ambavyo waya wake hupita chini ya ngozi kando ya mfupa wa kifua, bila kuingia mshipani. Hivyo huangaliwa zaidi kwa vijana, ila havimfai mwenye moyo unaohitaji kusukumwa muda wote.

Aliyetoka kupandikizwa huambiwa asinyanyue mkono juu ya bega kwa takribani wiki nne hadi sita. Hata hivyo asiufungie kabisa, maana bega litakakamaa. Kurudi uwanjani ni ruhusa ya daktari wa moyo, siyo ya kocha wala presha ya mashabiki.

Viongozi wa timu, mjueni mchezaji wenu mwenye kifaa. Akianguka na hapumui, mkandamizeni kifua bila kukiogopa kifaa, huku gari likitafutwa.