Pikipiki ya zamani, bei kidogo: namna ya kuirudisha ku barabara bila kupoteza feza ya koperative



Tangu mavuno ya mwisho, swali moja linarudi karibu mu kila mukutano tunaofanya pamoja nanyi: "Kuna mutu anauzisha pikipiki yake ya zamani, bei iko kidogo. Tununue ao tuache?" Tunaelewa sababu ya swali hilo. Hapa Luena reli iko zaidi ya miaka mia moja, tangu wakati ilikuwa inajengwa kuelekea Bukama, kule ilifika mu 1918. Lakini treni haikuje kuchukua mahindi mu shamba. Kutoka shamba mpaka ku gare, muzigo unabebwa na kichwa, na kinga, ao na pikipiki ya kukodisha. Na kila mutu anajua namna bei ya kukodisha inapanda wakati treni inakaribia.

Kwa hiyo jibu letu si "muache." Jibu letu ni hili: bei ya kweli ya pikipiki si ile munamupatia mwenye kuuzisha. Ni feza yote mutakuwa mumetosha mpaka siku pikipiki inarudi ku nyumba na muzigo muzima na shofere muzima.

Kosa tulilofanya pamoja

Koperative moja tunayosindikiza ilinunua pikipiki ya motere 125 iliyotembea sana, mpaka kontere ya kilomita ilikuwa imekufa. Feza ya kutengeneza ilikuwa kidogo. Wakaanza na vile macho inaona: rangi mupya, kiti kipya, batri mupya. Sisi tulikuwa pale, na sisi pia tulipiga makofi. Hakuna mutu hata mumoja aliyefungua gurudumu la nyuma.

Mu mwezi wa kumi na moja, pikipiki ikatumwa kuleta mbegu ya mahindi. Ku mushuko, freni ya nyuma haikushika. Rulema ya gurudumu ilikuwa imekwisha, gurudumu likayumba, shofere akaanguka na kuumia goti. Tunashukuru kwamba yeye yuko muzima. Lakini mbegu ililala inje mu mvua usiku wote. Sehemu kubwa haikuota vizuri, na familia zilizongojea mbegu ingine zilipanda karibu majuma matatu nyuma ya wengine. Munajua mahindi iliyochelewa inavuna nini wakati mvua inakatika.

Rangi mupya haikusimamisha pikipiki. Hilo ndilo somo tunataka kuwapa leo: kuna mupangilio wa kufuata, na feza kidogo inaenda kwanza kule inaokoa mutu, kisha kule inaokoa motere. Vya kupendeza vinakuja mwisho.

Mbele ya kulipa: jaribu kama vile munajaribu mbegu

Mulimaji mwenye akili hapande mbegu asiyoijua. Anachukua mbegu 100, anaziotesha, anahesabu ngapi zimeota. Pikipiki pia inajaribiwa mbele ya feza kutoka mu mufuko. Muende watatu: fundi munayemuamini, shofere, na mutunza-feza. Muende asubui, mbele mwenye kuuzisha hajaiwasha.

Gusa motere na mukono. Kama tayari iko na joto, mwenye kuuzisha ameiwasha mbele yenu mufike, pengine juu ya kuficha kwamba inakataa kuwaka ya baridi. Muiache ipoe kwanza.

Piga kiki polepole na mukono ao muguu, bila kuwasha. Inapaswa kukataa kidogo, kama kitu kinachosukuma kutoka ndani. Kama inashuka bure, kama unakanyaga hewa, mapete ya pistoni ao valve zimekwisha.

Washa, angalia moshi. Kwa motere ya kawaida ya siku hizi, kama vile TVS, Boxer ao Haojue, moshi wa bulu usiokwisha unaonyesha kwamba mafuta ya motere inaungua ndani. Hiyo ni kazi ya bei kali. Moshi mweusi unaonyesha esanse inazidi ao filtere ya hewa imeziba, na hiyo ni kazi ndogo. Moshi mweupe kidogo wa asubui unaopotea haraka ni muvuke tu.

Sikiliza. Sauti ya kugonga kutoka chini ya motere, "ko-ko-ko" inayoongezeka wakati munaongeza gazi, ni onyo kubwa.

Tosha kijiti cha mafuta ya motere. Mafuta meusi ni kawaida ya mutu asiyetunza. Mafuta yenye rangi ya maziwa yanaonyesha maji imeingia. Mafuta yenye kungaa-ngaa vipande vidogo vya chuma yanaonyesha kwamba kitu kinakulana ndani.

Angalia shasi, zaidi pale usukani unashikiliwa na pale muzigo unakaa. Tafuta mupasuko na alama za kusudea. Simama nyuma yake: magurudumu mawili yako mu musitari moja? Kisha isimamishe, shika kila gurudumu na mikono miwili, ulitikise kushoto na kuume. Likicheza, rulema imekwisha.

Mwisho, karatasi. Numero ya shasi iliyo ku chuma inapaswa kuwa ile ile iliyo ku karatasi. Andikeni karatasi ya kuuzisha yenye saini ya pande mbili na ya mashahidi, kwa jina la koperative, si la prezida.

Mapine, shene, kable, garnitire za freni, buji, filtere: hivyo vyote vinakwisha na vinabadilishwa, musiogope. Lakini kama shasi imepasuka, ao motere inagonga, ao karatasi hazipatane na shasi, rudini ku nyumba. Bei kidogo ya pikipiki ya namna hiyo ni mutego.

Hesabu na magunia

Hesabu ya falanga inabadilika kila mwezi, hesabu ya gunia inaelewa kila mutu. Tuseme pikipiki inaombwa kwa bei ya magunia 10 ya mahindi. Fundi anaandika vipuri vyote: tuseme magunia 4. Kazi ya fundi, gunia 1. Kuleta vipuri kutoka Lubumbashi ao Kamina, nusu ya gunia. Kisha muongeze akiba ya magunia 2, sababu pikipiki iliyotembea sana haikosi kuficha kitu. Jumla ni magunia 17 na nusu. Hiyo ndiyo bei mutakayopigia kura mu mukutano, si 10.

Sheria yetu ni hii: kama kutengeneza kunapita nusu ya bei ya kununua, mutafute ingine ao muombe bei ishuke. Na musilipe feza yote ya kununua kama ile ya kutengeneza haiko mu sanduku. Pikipiki inayolala mu nyumba ikingojea vipuri inaendelea kuharibika.

Kutengeneza: kazi tano, moja kisha ingine

1. Kusimama mbele ya kwenda. Fungueni magurudumu yote mawili. Garnitire zilizobaki nyembamba zibadilishwe. Kama ziko na mafuta, tafuteni kule mafuta inatoka, si kupanguza tu. Vumbi ya ndani musiipulize na kinywa, ni mbaya kwa mapafu. Mupanguze na kitambaa chenye maji. Badilisheni rulema zinazocheza, na pine yenye mupasuko ao yenye kamba zinazoonekana. Usukani uzunguke bila kukwama na bila kucheza.

2. Mafuta ya motere na hewa. Zungusheni kidogo, mumwange mafuta ya zamani wakati iko na joto, muweke mapya mpaka ku alama ya kijiti. Motere nyingi za 100 mpaka 125 zinachukua karibu litre moja, lakini ni alama ndiyo inaamua. Kisha kilomita 300 za kwanza mubadilishe tena, sababu mafuta mapya inasafisha uchafu wa zamani. Kisha pale, kwa vumbi ya huku kwetu, kila kilomita 1 000. Mafuta ya zamani musiimwange mu shamba wala mu muto. Muitie mu bido. Filtere ya hewa ya sponji muifue na maji na sabuni, ikauke vizuri, muipake mafuta kidogo. Ile ya karatasi haifuliwe: ipigwepigwe vumbi itoke, na kama imeziba ibadilishwe. Kutembea bila filtere ni kumwanga muchanga ndani ya motere.

Angalisho kwa pikipiki za zamani sana kama Yamaha AG 100 ao DT 125, ambazo miradi mingi ilitumia. Motere yazo inachoma mafuta pamoja na esanse, na mafuta hayo yanakaa mu tanki yake ndogo. Moshi kidogo wa bulu kwazo ni kawaida. Lakini tanki hiyo ndogo ikibaki wazi, pistoni inashika na motere inakufa mu dakika chache. Muulize fundi mbele ya kuwasha: hii ni ya namna gani?

3. Esanse. Pikipiki iliyolala miezi mingi iko na esanse iliyooza na kutu mu tanki. Mwangeni yote. Tieni ndani bulo ndogo na esanse kidogo, mutikise, mumwange, murudilie mpaka inatoka safi, na muhesabu bulo zote zimetoka. Kazi hiyo ifanyiwe inje, mbali na mbabula na sigara. Kabiratere ifunguliwe, tundu zake zisafishwe na hewa. Musitumie waya ya chuma, inapanua tundu na pikipiki inaanza kunywa esanse sana. Esanse ya chupa muiache itulie kidogo mbele ya kuweka: maji ni mazito, yanabaki chini na munaweza kuyaona.

4. Buji na waya. Buji inaongea. Ikiwa na rangi ya chai, motere iko muzuri. Nyeusi na kavu, esanse inazidi. Nyeusi yenye mafuta, rudini ku mapete ya pistoni. Nyeupe, motere inapata joto sana. Nafasi ya ncha yake kwa motere nyingi ni karibu milimita 0,7. Kisha mutengeneze taa ya mbele na ya nyuma. Wanaokufa usiku wengi hawakuonekana.

5. Shene. Shene na pinyo zake vinabadilishwa pamoja. Shene mupya juu ya meno yaliyopinda kama meno ya nyoka inakwisha haraka. Ikiisha kufungwa, icheze sentimita 2 mpaka 3 pale katikati. Ikikazwa sana, inakatika siku munaweka muzigo.

Sasa, kama feza imebaki, nunueni kiti na rangi.

Juma la kwanza bila muzigo

Siku ya kwanza, kilomita 5 karibu na nyumba, kisha fundi akaze bulo zote. Kesho yake kilomita 20. Kisha 50. Mukigusa gurudumu na liko na joto kali, freni inashika ao rulema haiko muzuri. Nyuma ya hapo ndipo munaanza na nusu ya muzigo.

Na muzigo wenyewe? Pikipiki nyingi za 125 zimetengenezwa kwa kubeba kilo 130 mpaka 150, mwenye kuendesha akiwa ndani ya hesabu. Shofere wa kilo 65 na gunia moja la kilo 100 tayari wamepita. Tunajua kwamba kila siku munaona pikipiki zenye magunia mawili. Mwezi unaofuata munaona pia zile zinasukumwa na mikono.

Pikipiki ya wote haina mwenyewe

Hiyo ndiyo inaua pikipiki za koperative kuliko barabara. Chagueni shofere mumoja na mutunza-funguo mumoja, wasiwe mutu mumoja. Mufungue daftari: siku, kilomita, muzigo, esanse, mafuta, kipuri kilichobadilishwa. Kama kontere imekufa, ibadilisheni, ni kipuri kidogo. Na ku kila gunia linalobebwa, weka kitu mu sanduku la pikipiki, hata kama muzigo ni wa prezida.

Koperative tuliyotaja ilifanya hivyo nyuma ya ile ajali. Pikipiki ni ile ile. Rangi yake imeanza kutoka, na kiti kimepasuka mara ingine. Lakini garnitire ziliandikwa mu daftari siku zilibadilishwa, na mu mwezi wa kumi uliofuata, mbegu ilifika ikiwa kavu mbele ya mvua kushika. Shofere ni yule yule. Anachechemea kidogo, na ni yeye anafungua gurudumu la nyuma kila mwezi, bila kuambiwa.

Maswali ya kuzungumuzia mu mukutano wenu

– Mu mwaka moja, tunalipa magunia ngapi kwa kukodisha pikipiki?
– Nani kati yetu anajua kusikiliza motere, na nani atamusindikiza?
– Kama pikipiki inaharibika kesho, mu sanduku muko feza ya kuitengeneza?

Kama jibu la swali la tatu ni "hapana," mungojee mavuno moja tena. Kinga bado iko.