Fundi Halipwi Kutafuta Tundu

Masika yakishika Dar es Salaam, gereji hupata mteja wa aina moja: gari lake ni la zamani, kapeti limelowa upande wa abiria, vioo vina ukungu kila asubuhi, na ndani mnanuka kama tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo. Kwa misimu miwili nilikuwa mteja huyo.

Gari langu ni la mwaka 1999. Fundi wa kwanza alizungushia silikoni kwenye kioo cha mbele. Wa pili akaniuzia raba ya mlango. Wa tatu akapaka silikoni juu ya silikoni ya wa kwanza. Wote niliwalipa, na maji yakaendelea kuingia. Siwaiti matapeli. Ila hesabu ya kazi hii imekaa vibaya: mteja hulipia anachokiona, yaani tyubu, raba mpya, na jasho la kufungua mlango. Saa mbili za kumwagia gari maji na kuchungulia kwa tochi hazimo kwenye bei, na fundi mwenye foleni ya magari mlangoni hawezi kuzitoa bure.

Kumbe kazi yenyewe ni huko kutafuta. Maji hayadondoki pale yalipoingilia. Yanaweza kupenya kwenye kona ya paa, yakafuata waya au mkunjo wa bati, yakaibukia miguuni mwa abiria.

Jumapili moja nikakunja kapeti, mpwa wangu akaingia ndani na tochi, nami nikashika mpira wa bustani. Nilianzia chini, kwenye vizingiti vya milango, nikapanda polepole, kila sehemu dakika kama tano. Ukianzia juu unalowesha gari zima na hujui lipi limevuja. Milango salama. Kioo salama. Nilipofika chini ya waipa, mpwa akagonga kioo: “Mjomba, yanakuja!” Chini ya plastiki ya hapo kulikuwa na bonge la majani ya mwarobaini, mti ninaoegesha gari chini yake, yameoza na kuziba njia ya kutolea maji. Maji yakikosa pa kutokea hujaa, yakamwagikia kwenye tundu la hewa ya feni, na humo ndimo njia ya ndani. Kipande cha waya na kopo la maji vilimaliza kazi.

Wateja wa namna yangu hawataisha karibuni, kwa kuwa magari yaliyokwisha kutumika bado yanaruhusiwa kuingia. Kenya hairuhusu kuingiza gari dogo lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda, tangu 2018, imefunga mlango kwa yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania haikatazi, ila gari kuukuu hutozwa ushuru zaidi. Hata hilo la miaka 8 linashuka bandarini na raba za miaka 8, kisha linaanza maisha mapya juani. Raba hukauka, hulala bapa, hupasuka konani. Bana kipande cha gazeti mlangoni, kisha ukivute: kikitoka bila ubishi, raba hapo imechoka.

Sokoni kuna raba ya kuagiza, inayotengenezwa kwa umbo la mlango wako, bei yake ikikaza. Kuna ya mtumba, iliyovuliwa kwenye magari yaliyokatwa. Na kuna ya kupimiwa kwa mita. Hii ya mita mimi siipendi. Ikiwa nene kuliko inavyotakiwa mlango unagoma kufunga, ikiwa nyembamba umenunua mapambo. Mtumba ni bahati: raba ya gari lililolala kibandani hukaa laini kuliko yako, ya gari lililoanikwa ni ugonjwa uleule.

Tena si kila maji ya mlangoni ni kosa la raba. Maji kuteremka ndani ya mlango kupitia pembeni ya kioo ni jambo la kawaida. Yana matundu yao ya kutokea chini. Kinachoyazuia yasije chumbani ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli. Fundi redio akifunga spika huibandua, halafu fundi bodi ndiye huulizwa. Na kapeti likilowa siku ya kiangazi, mwache fundi bodi: maji safi ni mrija wa kiyoyozi umeziba, yenye utelezi na harufu tamutamu ni kulanti ya rejeta.

Kibaya zaidi ni silikoni inayonuka siki. Asidi yake hula bati, kutu ikainua gundi ya kioo, na tundu la sindano likawa mfereji. Na maji yakiingia yana cha kuharibu: chini ya kapeti kuna waya, na katika baadhi ya magari kisanduku cha mifuko ya hewa. Bima kubwa kwa kawaida hailipi uchakavu, kwa hiyo gharama yote inarudi kwa mwenye gari.

Mwezi uliopita dalali alikuja kulitazama langu, kavu kabisa sasa. Hakuwasha injini. Alifungua mlango wa abiria, akapenyeza vidole chini ya kapeti, akavinusa, kisha akainama kuangalia boliti za kiti. Zilikuwa na kutu ya misimu miwili. Akashusha bei kabla hajauliza limetembea kilomita ngapi.